Niliiita Chafu Mbele ya Wakwe

Nina miaka hamsini na sita, na mkasa huu sijawahi kumsimulia mtu. Hata sasa nauandika kwa aibu.

Mwaka 1992 nilikuwa fundi cherehani Kicukiro, nimeshachumbiwa na Kalisti. Jumamosi mchana nilipenda kwenda kwenye ukumbi mmoja mjini walikoonyesha filamu za Kizungu, zile ngumu ngumu. Siku moja wakaweka ya bibi kizee anayemwosha mumewe aliyefariki. Polepole, bila muziki, bila maneno, ni maji tu na mwanga wa dirishani. Watu walizomea. Wengine walitoka wakisema ni uchuro. Mimi nililia... wala si kwa huzuni. Sikuwahi kuona kitu kizuri namna ile!

Nikamsimulia mama yake Kalisti, aliyekuwa amefiwa na mumewe miezi michache nyuma. Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Wanaonyesha mpaka mwisho? Maana mimi walinitoa nje, sikuona alivyooshwa."

Hapo ndipo nilipokosea. Kwetu mjane hakanyagi kwenye starehe mpaka kwera, siku ambayo ukoo unaondoa msiba. Nililijua hilo vizuri sana. Lakini nilijiambia hii si starehe, nikampeleka Jumamosi iliyofuata. Alikaa mpaka taa zikawashwa. Njiani alinishika mkono akasema, "Asante, mwanangu. Sasa nimemuaga."

Kumbe jirani alituona. Ukoo ukaitana. Baba mkubwa wa Kalisti akauliza mbele ya wote ni nani aliyempeleka mjane sinema. Mahari ilikuwa imeshakubaliwa, Kalisti ananitazama... Mngekuwa ninyi mngejibu nini? Mimi nilisema mama mwenyewe ndiye aliyening'ang'ania, na kwamba filamu chafu kama ile hata sikuitazama, nilifumba macho.

Mama alinitazama kidogo tu. Kisha akasema, "Ndivyo ilivyokuwa. Binti hana kosa."

Niliolewa. Yeye siku ya kwera walimkalisha pembeni kama mgeni, na sokoni wakambandika jina la mjane wa sinema. Kila nilipompelekea chakula nilisema moyoni, leo nitamwambia Kalisti ukweli. Nikasubiri nizae kwanza. Nikasubiri mtoto atambae... Mwaka 1994 ukanikuta bado nasubiri, mauaji ya kimbari yakawachukua Kalisti na mama yake, nikabaki na mtoto mgongoni.

Wasomaji wenzangu, msipende kitu kwa siri halafu mkakikana mbele za watu. Na kama huna moyo wa kukitetea, basi nyamaza, usimtwike mwenzio. Ndoa niliyoiokoa kwa uongo ule haikumaliza hata miaka miwili, na wa kumwomba radhi sina tena.

Mama, nilikupeleka mimi. Na niliitazama yote.