Maji Meusi ya Kinu

Kila asubuhi kabla ya shule, Mayada alimpelekea baba yake mkate, viungo vya zaatari na mafuta ya zeituni kule bondeni, chini kabisa ya kijiji cha Deir Rumman. Baba yake, Fawzi, alikuwa mlinzi wa mtambo wa majitaka. Alipokuwa akila, Mayada alizitazama sahani: sahani nyingi za plastiki, kila moja pana kama mlango, zimechomekwa kwenye mhimili mmoja, nusu ndani ya majitaka na nusu hewani, zikizunguka polepole. Zote zilivaa utando mzito wa kahawia.

"Utando huo una vijidudu hai," baba alipenda kusema. "Wakizama wanakula uchafu wetu, wakipanda wanavuta pumzi. Usiwadharau, binti yangu. Hawajagoma hata siku moja."

Maji yaliyotoka mwisho, yakiwa yamesafika, yaliinywesha mikomamanga ya kijiji. Mtambo huo sisi wanakijiji hatukupewa na mtu. Nakumbuka vizuri: miaka kumi na mitano mabwana waliovaa tai walikuja, wakapima, wakanywa kahawa yetu, wakaondoka, na watoto wetu wakaendelea kuhara. Mitaro tuliichimba wenyewe. Ila yule aliyeutunza mtambo tulimkalisha mlangoni kwenye karamu, na shuleni binti yake alikaa dawati la peke yake.

"Mayada, kwenu mnaogea sabuni au maji ya chemba?" watoto walimwuliza. Alikwishazoea.

Msimu wa zeituni ulipofika, Lubna, binti wa Haji Nawwaf mwenye kinu cha kukamulia mafuta, akahamia dawati lake.

"Nisaidie hesabu," alisema. "Nami nitakaa nawe."

Jumapili Lubna akampeleka nyuma ya kinu. Mpira mnene ulitoka ukutani ukaingia kwenye chemba ya mtaro wa kijiji, ukimwaga maji meusi ya zeituni, yale ambayo kila mtu alijua hayatakiwi kuingia mtaroni kwa kuwa huwaua vijidudu wa mtambo.

"Gharama ya lori la kuyabeba inamchosha baba," Lubna alinong'ona. "Usimwambie mtu. Wewe si dada yangu?"

Hakuna aliyewahi kumwita Mayada dada. Akanyamaza.

Ilipofika Alhamisi, utando ulikuwa umebanduka vipande vipande, sahani zikabaki nyeupe kama mifupa. Uvundo ukapanda hadi msikitini. Wajumbe wa baraza la kijiji wakateremka bondeni, Haji Nawwaf mbele, leso puani, nasi wengine nyuma yao.

"Fawzi analala kazini," alisema Haji. "Tutafute mwingine."

Fawzi aliitazama mikono yake. "Labda nimekosea mahali. Sijui."

Mkate wake ulikuwa pale pale, haujaguswa. Mayada, aliyesimama kando yake, alijua kwamba akisema, kesho atakaa tena peke yake.

"Baba hajakosea," alisema. "Kuna mpira kwenye chemba ya nyuma ya kinu. Niliuona Jumapili, nikanyamaza."

"Mtoto wa vyoo ananifundisha kazi?" Haji alicheka. Wawili watatu wakacheka naye, kama tulivyozoea kucheka wakubwa wanapocheka.

"Haji, si mbali," alisema Mwalimu Itidal, mjumbe wa baraza. "Twende tukatazame."

Tulipanda wote. Mpira ulikuwa bado unadondosha maji meusi.

Haji alilazimishwa kuchimba bwawa la kukaushia maji yake meusi, na Fawzi akabaki kazini. Lubna alirudi dawati lake la zamani na hakumsalimu Mayada tena.

Wiki ya sita baada ya hapo, Mwalimu Itidal alimkuta Mayada mtamboni, ameshika ukingo wa sahani.

"Lubna amekuacha?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Sitakudanganya kwamba haiumi. Lakini anayekuomba ufiche ubaya ndipo awe rafiki yako, hajakupa urafiki. Amekupa kazi ya kuulinda ubaya huo. Umesema kweli mbele ya mwenye nguvu, watu wazima wakiwa kimya. Safari ijayo sema siku ile ile. Siku zako nne za kunyamaza zimewagharimu viumbe hawa wiki sita."

Fawzi, aliyekuwa karibu, akaushika mkono wa binti yake na kuuweka kwenye sahani iliyokuwa ikipanda kutoka majini. Kwa macho ilionekana tupu. Kwa vidole ilikuwa inateleza.

"Wamerudi," alisema baba. "Huanza hivi, wachache."

Mayada hakuuondoa mkono mpaka sahani ikazama.