Waliokula Kichuguuni

Ilianza na harufu ya mvua. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu, na adhuhuri ile ya Agosti mbingu ya Haneti haikuwa na wingu hata la dawa. Hata hivyo, uani kwa Restuta palinuka udongo uliotoka kunyeshewa. Alinusa, akacheka peke yake, akaendelea kupepeta uwele. Alipoinua macho, jogoo wake mkubwa alikuwa chini, amekufa, mdomo ameuchomeka ardhini.

Restuta na kuku wake usingewatenganisha. Mwaka huu aliwanenepesha kwa sababu moja tu. Anitha, mke wa mwanawe, alikuwa na mimba kubwa baada ya mbili kuharibika, na mjukuu huyo akizaliwa salama, mama yake angekunywa supu ya kuku mpaka aikimbie. Ndiyo maana kila jioni Restuta alikwenda kwenye mahame, penye nyumba zilizoachwa zamani, akafunika chungu chenye samadi na mabua juu ya kichuguu chekundu. Asubuhi alikitoa kimejaa mchwa, na kuku waliwagombania kama watoto na ubwabwa wa sikukuu.

Sasa kila adhuhuri harufu ilirudi, na kuku mmoja akaenda nayo. Bwana mifugo alikuja, akapasua wawili, akatafuta kideri asikione.

"Mama, hawa kuku hawakuumwa," alisema, akinawa mikono harakaharaka. "Wamekufa tu." Hata chai hakuingoja.

Banda lilipobaki na mtetea mmoja, Restuta alimfunga kwa kitenge, akampakata mlangoni. Jua lilipofika utosini na kijiji kizima kikanyamaza, alisikia chini ya ardhi sauti ya kuku anayeita vifaranga waje kula, taratibu, kwa upendo kabisa, ikitoka upande wa mahame, ikipita chini ya ua, ikipita chini ya banda tupu, ikija kusimama chini ya nyayo zake, na yule mtetea mapajani akanyoosha shingo, akaitikia mara moja, akakata roho. Restuta alipiga yowe.

Kesho yake asubuhi akaitwa mzee Bartolomayo, mganga.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Mchwa wa kuku ulikuwa ukitoa wapi?"

"Kichuguu cha mahame."

Mzee alishusha sauti. "Mwanangu, kile kina mwenyewe. Kuku wako wamekula nyumba ya jini."

"Sasa nifanyeje, babu?"

"Huwaita waliokula, mmoja mmoja. Wakiisha, hurudi kwake. Wamebaki wangapi?"

"Hata mmoja."

"Basi mshukuru Mungu kaishia kwa kuku." Akamwaga maji na unga wa mtama langoni, akanong'ona maneno yake, akachukua mkongojo akaenda zake.

Restuta alilia kwa furaha, hana aibu. Kuku hutafutwa wengine. Akapika uji, akaingia nao chumbani kumpa Anitha habari njema.

"Kuku wameisha, mwanangu, lakini na balaa nalo limeisha," alisema.

Anitha alikuwa kitandani, anatafuna kitu.

"Unakula nini?"

"Udongo tu, mama." Aliona haya, akafungua pindo la khanga, likaonekana bonge jekundu. "Hamu ya mimba. Siku ile uliponituma kukutolea chungu kule mahame, nikamega. Mtamu kuliko ule wa sokoni, nimeshindwa kuuacha."

Bakuli la uji lilimponyoka Restuta. Alitaka kumkimbilia mzee, lakini jua lilikuwa limeshafika utosini, na chumba kizima kilinuka mvua.

Anitha aliinamisha kichwa, akategea sikio sakafuni, mkono tumboni. Akatabasamu.

"Mama, si umesema kuku wameisha? Mbona mtetea anaita vifaranga humu chini ya kitanda? Hata mtoto kamsikia. Hebu mguse, anavyorukaruka."