Mtaa Uliookwa kwa Moto Mmoja

Kila alipotoka shule, Mgeni alifanya mambo yale yale. Alivua sare, akanawa mikono hadi kwenye viwiko, kisha akaifuta meza ya shangazi yake kwa kitambaa kibichi. Kwenye meza hiyo shangazi alikanda udongo wa plastiki, ule wa rangi unaouzwa kwenye pakiti. Ukiwa mbichi huwa laini kama unga uliokandwa. Ukiokwa kwenye oveni huwa mgumu kama mfupa. Shangazi aliufanya kuwa shanga na vifungo vya nguo, akavipeleka kwa mafundi cherehani. Unywele mmoja tu ukiangukia meza ile, huonekana kwenye kifungo cheupe. Ndiyo maana Mgeni aliifuta hata ilipokuwa safi.

Shangazi alikuwa mwema, lakini akiwa kazini hakuwa na maneno. Redio ndiyo iliyoongea kwa niaba yao wote wawili. Mama yake Mgeni alifanya kazi mbali na alipiga simu Jumapili. Simu ikikatika, chumba kilionekana kikubwa kuliko kilivyokuwa.

Shuleni nako hakukuwa na nafuu. Jina la Mgeni alipewa siku alipoingia darasani katikati ya mwaka. Mvua zilikuja zikaenda, naye akabaki Mgeni. Wakati wa mapumziko alisimama kando ya ukuta na kujifanya anafunga kamba za viatu. Alizifunga na kuzifungua mpaka ncha zikachakaa.

Kisha mwalimu akatangaza maonyesho ya kazi za mikono, na kila kundi liwe la watu watatu. Wasichana wawili waliokaa dawati la mbele, Kipilipili na Mrefu, walikuwa wamepungukiwa na mmoja. Kipilipili alikuwa na ulimi mkali kama jina lake, na Mrefu alikuwa mrefu kweli. Waligeuka wakamtazama.

"Eti kwenu kuna oveni?" Kipilipili aliuliza.

Mgeni aliitikia kwa kichwa. Alijua fika kwamba kilichoalikwa ni oveni, yeye alikuwa kifuniko tu. Hata hivyo, siku hiyo kamba za viatu zilipumzika.

Waliamua kutengeneza mtaa mdogo. Kipilipili alileta udongo mweupe aliopewa na mjomba wake, wakajenga nyumba. Mrefu alileta mabaki ya udongo wa dada yake, mgumu kukandika, wakafinyanga taa za barabarani na watu. Mgeni alitumia udongo huo wa Mrefu kutengeneza benchi dogo, akaketisha juu yake mtu mmoja. Kazi ilipokamilika, aliibeba kwenye boksi akitembea kama anayebeba mayai.

Siku hiyo shangazi alikuwa amepeleka vifungo mjini. Kabla ya kuondoka alikuwa amesema, "Usiwashe oveni mpaka nirudi. Sijauona udongo wenyewe." Lakini Kipilipili naye alikuwa na lake. Alitaka mtaa uwe umeiva kesho asubuhi wapake rangi, na ikishindikana watamtafuta mtu mwingine mwenye oveni.

Mgeni alikaa mbele ya boksi akingoja. Jua lilihama kutoka mezani likaenda ukutani, na shangazi hakutokea. Alifikiria ule ukuta wa shuleni. Mwishowe alijiambia kwamba udongo ni udongo, akapanga nyumba, taa, watu na benchi kwenye trei moja, akawasha oveni kwa moto ambao shangazi huutumia kwa vifungo.

Harufu ndiyo iliyomwita, harufu kali inayokwaruza koo. Alichungulia kwenye kioo. Nyumba nyeupe zilikuwa zimegeuka rangi ya chai na kuota malengelenge. Alizima oveni kwa haraka, akafungua madirisha na kutoka nje mpaka moshi ukaisha. Aliporudi, benchi lilionekana zima. Lilipopoa alilishika, likavunjika vipande viwili kama biskuti. Nyumba zilikuwa zimeungua, na benchi lilikuwa bado halijaiva.

Shangazi aliporudi, Mgeni alikuwa amejifunika shuka hadi kichwani. Alisikia oveni ikifunguliwa na kufungwa. Shangazi hakumwita.

Asubuhi, boksi lilipofunguliwa darasani, wote watatu waliinama kutazama. Kisha Mrefu akachukua nyumba moja na kuinusa.

"Huu udongo wako wa bei rahisi huu," alimwambia Kipilipili. "Mjomba wako kauokota wapi?"

Kipilipili alijibu kwamba afadhali wa mjomba wake kuliko makombo ya dada mtu, tazama benchi linavyokatika. Wakarushiana maneno, mara mjomba, mara dada, mpaka macho ya Kipilipili yakajaa machozi. Hakuna aliyemtazama Mgeni. Alichotakiwa kufanya ni kunyamaza, na kunyamaza ndiyo kazi aliyoiweza kuliko zote. Angebaki kwenye kundi. Lakini aliona Kipilipili akijifuta macho kwa mkono wa sare, na moyo ukamsuta.

"Udongo hauna kosa," alisema. Sauti ilikuwa ndogo, akairudia. "Ni mimi. Nilikatazwa kuoka, nikaoka. Niliweka vyote pamoja."

Walimtazama kama vile ukuta umeongea. Kisha kengele ikalia, na kila mmoja akaenda mahali pake. Mapumziko yalipofika, Mgeni alirudi kwenye ukuta na kuinamia viatu vyake.

Nyumbani alimweleza shangazi yote, bila kuficha hata tishio la Kipilipili. Shangazi alizima redio.

"Jana nilinusa tangu mlangoni," alisema. "Nilitaka uje mwenyewe. Na mimi nina kosa. Unaifuta meza yangu kila siku, na sijawahi kukuambia kwa nini udongo wangu nauweka kwenye makopo mawili, wa moto mdogo na wa moto mkubwa."

Alikuwa hajamaliza kueleza waliposikia hodi. Mlangoni walisimama Kipilipili na Mrefu, kila mmoja na pakiti yake.

"Shikamoo, shangazi," alisema Kipilipili, akitazama sakafu. "Tumekuja kuangalia kama tutaiva."

Shangazi alicheka mpaka akakaa. Aliwaonyesha jinsi anavyokata shanga moja ya majaribio kutoka kila pakiti na kuioka peke yake kwanza. Udongo wa Kipilipili uliiva kwa moto mdogo. Wa Mrefu ulitaka moto mkubwa zaidi. Basi wangeanza na taa, watu na benchi, viive kwa moto wao na kupoa. Baadaye wangezipanga nyumba mbichi pamoja navyo na kuoka tena kwa moto mdogo, kwa muda wa kutosha. Kilichozoea moto mkubwa hakidhuriki na mdogo.

"Sasa nisikilizeni, wanangu," alisema. "Ukikutana na udongo usioujua, uliza kwanza. Kuuliza hakumpunguzii mtu kitu. Na ukikosea, sema. Nyumba iliyoungua hujengwa nyingine. Lakini ukimwacha mwenzako alie kwa kosa lako, utaishi na hilo kila ukimwona. Huyu alisema huku akijua anaweza kubaki peke yake. Hilo ni gumu hata kwa sisi watu wazima."

Mgeni alisogea pembeni, karibu na dirisha, kama alivyozoea. Mrefu akachukua chupa ya kusukumia udongo na kumnyooshea.

"Mgeni siku mbili," alisema, "ya tatu mpe jembe. Njoo usukume, unatuangalia nini?"

Mgeni akapokea chupa. Walipofika kwenye benchi, Kipilipili alidai la kwanza lilikuwa fupi mno. Akaongeza kipande cha udongo, akakilainisha kwa kidole, na benchi likatosha watu watatu.