Chupa ya Mgeni

"Jicho langu minye ni maabara!" Alliance alijigamba, bidoni yake tupu ya kutekea maji ikimgonga magoti. "Nikiyatazama maji mara moja tu, nakwambia kama iko wadudu ao hapana."

"Basi jicho hilo lifungue na robine," rafiki yake Kaneza alimjibu.

Robine, bomba la maji la mtaa wa Kimanga, ilikuwa imekauka siku tatu. Kila walipotoka shuleni, watoto walipanga mabidoni, wakakaa juu yake, wakataniana hadi utani ukawaishia, kisha wakarudi nyumbani mikono mitupu. Siku hiyo Alliance alifika kwao ulimi umekauka kama ndagala aliyeanikwa juzi. Ndoo ya maji yaliyochemshwa ilikuwa tupu. Juu ya kabati ilisimama chupa moja ya maji ya kiwandani.

Hiyo ilikuwa chupa ya mgeni. Mama yake, Sidonie, aliinunua dukani kwa Luc, na mtu wa nyumba haruhusiwi kuigusa. Ilimngoja katekista, au mjomba kutoka Luvungi, watu ambao kuwapa maji ya bidoni ni aibu. Kifuniko hufunguliwa mbele ya mgeni, asikie mwenyewe kile kisauti cha pete yake ya plastiki ikikatika, ajue ameheshimiwa.

Alliance alijiheshimu mwenyewe. Aliimaliza kwa pumzi mbili.

Halafu akaogopa. Akakimbia ziwani nyuma ya nyumba, akaijaza chupa, akaiinua juani na kufumba jicho moja. Maji yaling'aa. "Maabara imekubali," akasema. Nyumbani hapakuwa na mtu, ila mdogo wake Ushindi, wa miaka minne, aliyelala mkekani kwa malaria. Alliance akawasha kiberiti, akayeyusha pete ya plastiki hadi ikagandana tena na kifuniko. Akaunguza kidole gumba, akacheka peke yake, akairudisha chupa kabatini.

Kesho yake, Alliance akiwa shuleni, Ushindi alitakiwa kumeza dawa na nyumbani hapakuwa na tone la maji. Sidonie aliitazama chupa kwa muda mrefu. "Mgonjwa naye ni mgeni," akasema, akaifungua.

Alliance aliporudi aliikuta nusu. Alijifariji kwamba jicho lake halikosei.

Alfajiri Ushindi alianza kuhara maji meupe kama yaliyooshea mchele. Jua lilipochomoza macho yake yalikuwa yamezama, na ngozi ya tumbo, ukiifinya, ilibaki imesimama. Walimkimbiza kwa pikipiki hadi kituo cha kipindupindu. Vitanda vya huko vina tundu katikati na ndoo chini yake. Kitanda cha jirani kilikuwa kimetoka kuoshwa kwa klori, na mwanamke mmoja alikuwa akikunja kanga ya mtoto ambaye hakuihitaji tena.

Muganga Hyacinthe, daktari wa kituo, alimtundikia Ushindi serumu, yaani dripu, mikono yote miwili. Akampa Sidonie pakiti ya chumvi ya kunywesha. "Changanya na maji safi."

"Niko nayo, ya kiwandani," Sidonie alisema, akatoa kwenye kikapu ile nusu chupa.

Alliance aliiona ikiinamishwa juu ya kikombe. Aliirukia, akaipiga ikaanguka.

"Usimupe, mama! Ni Luc! Luc anajaza chupa zake ziwani. Watu wanasema!"

Ukweli ulikuwa umefika mdomoni, lakini aliyetoka ni Luc.

Habari hukimbia kuliko pikipiki. Kabla ya saa sita majirani walikuwa wamemwaga maji yote ya Luc barabarani na kuvunja friji yake. Luc aliketi juu ya kreti, damu ikimtoka kwenye nyusi, akirudia neno moja: "Minye nazinunua zikiwa zimefungwa."

Siku ya tatu Ushindi aliketi, akanywa uji. Muganga Hyacinthe alivuta kiti.

"Maji ya chupa hayawi safi kwa sababu ni ya chupa," alisema. "Pete ikatike mkononi mwako. Ukiona imechezewa, au una shaka, usinywe. Na ya ziwa yachemsheni, hata yang'ae vipi. Vijidudu vya kipindupindu havionekani kwa jicho la mtu yeyote."

"Ni kweli kabisa, mama muganga," Alliance akadakia. "Watu kama Luc iko na roho mubaya sana."

Ushindi aliinua uso kutoka kwenye kikombe. Alimwita dada yake kwa sauti nyembamba.

"Yaya, tukirudi tutacheza tena ule mchezo?"

"Mchezo gani?"

"Wa kuchoma kifuniko na kiberiti. Weye ulikuwa unacheka. Na minye nataka kuwasha."

Sidonie alimshika binti yake mkono, akaugeuza. Kwenye kidole gumba palikuwa na lengelenge jeusi.

Muganga Hyacinthe alisimama polepole. "Kipindupindu tuna serumu yake," alisema. "Uongo hauna serumu, mwanangu. Aliyeutunga ndiye anayeutapika, tena pale pale alipoumwaga."

Sidonie alikwisha kujifunga kitenge. "Simama," alisema. "Tunaenda kwa Luc. Majirani wote watakuwepo, na atakayesema ni weye."