Jicho Moja la Mzee Mughwai

Mwezi wa sita upepo wa Singida hauna adabu. Unapeperusha kofia za watu na nguo kambani. Lakini wakulima wa uwele wanaupenda, maana bila upepo hakuna kupepeta.

Mzee Mughwai na mkewe Marietha wanaishi kijiji kimoja karibu na Ikungi. Wanalima uwele na alizeti, na mzee anafuga nyuki. Jicho lake la kushoto halioni. Surua ililiharibu akiwa mtoto. Kila kazi anaifanya kwa jicho la kulia: kukagua mizinga, kuchagua mbegu, kusoma Biblia jioni.

Siku hiyo Marietha aliinua ungo juu akawa anamwaga uwele taratibu. Upepo ukageuka ghafla. Kapi likamwingia jichoni mumewe aliyekuwa karibu. Na jicho lenyewe ni lipi? La kulia!

"Aa! Limeniingia!" Mzee akaanza kulifikicha kwa mkono wenye vumbi.

"Usifikiche, Baba Ritha! Ngoja nilete maji."

"Maji ya nini? Lete asali."

Jamani, mzee huyu na asali yake! Ukikohoa, asali. Ukiungua, asali. Tumbo likisokota, asali. Tena si asali yoyote, ni ya nyuki wadogo, ile nyepesi yenye uchachu. Baba yake alikuwa anaitia machoni, naye akafuata hivyohivyo. Akalala chali, akajidondoshea.

Kesho yake jicho lilikuwa jekundu. Likazidi kuvimba na kutoa machozi. Jirani yao Gerald akaja kumjulia hali, ana kichupa mfukoni.

"Mzee, jaribu hii. Mimi macho yakiniwasha natia, yanapoa palepale."

Na kweli, wekundu ukapungua. Nyumba nzima ikafurahi. Mzee akamsifu Gerald kila alikopita. Mimi hapo ndipo ninapopandwa na hasira, maana furaha ile ilikuwa ya uongo. Jicho lilikuwa linaharibika kimyakimya.

Asubuhi moja mzee akasimama mlangoni.

"Mama Ritha, leo ukungu umeshuka sana."

Marietha akatazama nje. Jua lilikuwa linawaka, hakuna ukungu wowote. Akamgeuza mumewe uso kwenye mwanga. Katikati ya jicho, juu ya ule weusi, aliona doa jeupe kama punje ya mtama.

"Tunakwenda hospitali, sasa hivi."

"Hospitali wataling'oa!"

"Na ukikaa hapa utakuwa kipofu. Nani atakagua mizinga? Mimi? Vaa viatu."

Wakapanda basi hadi Singida mjini. Kwenye chumba cha macho walimkuta Dk. Luciana, mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye sauti ya kusikika.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

Daktari alidondoshea jicho dawa ya rangi, kisha akalimulika kwa taa ya buluu. Akalitazama kwa makini.

"Mzee, una kidonda kwenye kioo cha mbele cha jicho. Uliweka nini humu kabla ya kuja?"

"Maji tu," alisema mzee.

Maji! Marietha akainamisha kichwa. Mke atamkanaje mumewe mbele ya mgeni? Lakini mkono wake ulikuwa umeshika kifungo cha mkoba, haufungui wala hauachi.

Daktari aliona. Hakumfokea mzee, maana nani anamfokea mtu wa umri wa baba yake? Akavuta kiti karibu.

"Mzee, wewe ni Mnyaturu?"

"Wa kuzaliwa."

"Mimi Mnyiramba wa Sekenke. Basi wewe mtani wangu, makabila yetu yanataniana tangu zamani. Siku ukifa nitakuja kwako, nitaingia kaburini kabla yako, na sitoki mpaka watoto wako wanipe beberu."

Mzee akacheka hadi akashika mbavu. "Mchokozi wewe! Watakupa kuku tu!"

"Nitakubali. Lakini jicho likifa, mtani, halifanyiwi msiba. Sitapata hata kipapatio. Sasa niambie, uliweka nini?"

Kwa mtani mtu haoni aibu. Mzee akashusha pumzi. "Kapi la uwele liliniingia, nikatia asali. Mara nyingi."

Ndipo Marietha akafungua mkoba. "Na hii, daktari. Tulipewa na jirani."

Daktari akakisoma kile kichupa. Kicheko kikamwisha.

"Asante sana mama. Nisingejua hili, tungechelewa zaidi. Kapi la mmea huwa linabeba kuvu. Nahofia kuvu wameingia kwenye mchubuko. Asali hiyo haikuchemshwa, ina uchafu usiouona kwa macho. Na dawa hii inaondoa wekundu, lakini inapunguza nguvu ya jicho kujilinda. Jirani yako inamfaa kwa tatizo lake. Kwako wewe imewafungulia kuvu mlango."

Akatia dawa ya ganzi, akakwangua kidonda kidogo, akapeleka maabara. Chini ya darubini kuvu walionekana.

"Litapona?" aliuliza Marietha.

"Mama, siwezi kukuahidi. Mngekawia kidogo tu, kioo kingetoboka. Tutapigana."

Mzee akalazwa. Kila saa muuguzi alimtia dawa ya kuua kuvu. Siku za mwanzo doa halikupungua, na mzee akaacha hata kula. Aliogopa giza, na alisema hivyo waziwazi, mtu mzima yule. Daktari alipita kila asubuhi na hakuwa anaondoka haraka.

"Mwanangu, haya mambo ya macho uliyapendea nini?" mzee alimuuliza siku moja.

"Sikuyapenda! Nilitaka kuzalisha wajawazito. Nilianza kama tabibu kwenye zahanati ya kijiji huko Mkalama. Akaja mama na mtoto mwenye jicho kama lako. Sikujua hata pa kuanzia. Nikamwambia ampeleke mbali, akafika amechelewa. Iliniuma sana, mzee. Basi nikaenda kusomea macho Moshi. Mwanangu alikuwa mdogo, nikamwacha kwa bibi yake. Nililia njia nzima. Baadaye nikarudi tena shule mpaka nikawa bingwa."

"Na hukubaki mijini huko?"

"Huko tupo wengi. Huku watu walikuwa wanasafiri siku mbili kutafuta mtu wa kuwamulika tu."

Siku hiyo mzee alikula ugali wote.

Kisha asubuhi moja daktari alimulika jicho, akatabasamu. Kidonda kilikuwa kinafunga! Lo, Marietha alipiga kigelegele wodini mpaka muuguzi akaja mbio.

Kabla hawajaruhusiwa, daktari aliwaeleza. "Kitu kikiingia jichoni, usifikiche. Lioshe kwa maji mengi safi. Asali, maziwa ya mama, majani, ulimi wa mtu, hivyo vyote visiguse jicho. Dawa ya mwenzako iache kwa mwenzako. Jicho likibaki jekundu, likiuma au likiona ukungu, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo."

Nyumbani mzee hakuficha kitu. Alimweleza Gerald na kumrudishia kichupa chake, naye Gerald akakitupa, maana kilikuwa kimekaa wazi miezi mingi, akaenda kupimwa. Msimu huu watu wa pale wanapepeta wakiupa upepo mgongo, na wenye miwani wanaivaa. Asali sasa inaliwa pamoja na mihogo.

Lakini kovu la kidonda lilibaki. Mzee aliona njia, aliona mbuzi, sura za watu hakuzitambua. Alikuwa anamjua Marietha kwa sauti tu. Hakulalamika, ila Marietha alijua jambo hilo linamwumiza.

Wakarudi kwa daktari siku ya kupimwa miwani. Daktari alimvalisha fremu ya chuma, akawa anabadilisha vioo.

"Hiki?"

"Bado."

"Hiki?"

"Afadhali kidogo."

"Na hiki?"

Mzee aligeuza kichwa polepole hadi pembeni ya mlango, alipokaa mkewe bila kutoa sauti yoyote.

"Mama Ritha," alisema, "mbona unalia?"