Kona Isiyokanyagwa

Asubuhi moja Aurelia alikuta zulia la mlangoni limevimba. Akalikanyaga, likalala. Alipogeuka, likainuka tena: umbo la unyayo, na vidole vyake vyote, kama mtu amesimama kichwa chini, anakanyaga sakafu kutokea ardhini.

Ilikuwa miaka ile mashirika ya umma yakifungwa, na kila mwenye mashine ya kuchapa akijifungulia ofisi Songea mjini. Aurelia naye alifungua, na mara miguu yake ikaona saruji haiifai. Zulia jipya hakuliweza. Akamwita Kajetani, fundi wa Mjimwema, aliyeng'oa mazulia ya ofisi zilizokufa, akayafua, akayakata na kuyatandika kwingine. Palipochakaa alipaficha chini ya kabati. Pazima alipaleta mlangoni, wateja wapaone. Hili alilitoa chumba cha meneja wa shirika moja lililofungwa. Lilikuwa limechakaa kote isipokuwa kona moja, nyuzi zimesimama kama za dukani, na kisahani cha marashi pembeni. Mwenye akili angejiuliza. Kajetani alimshukuru Mungu, akapima, akaikata ile kona na kuitandika mlangoni.

Haikupita wiki, miguu ya Aurelia ikaanza kufa ganzi. Ofisi ikanuka marashi, na ndani ya marashi, nywele zilizoungua. Mchana kweupe, mashine zikinyamaza, alisikia mtu akitembea chini ya saruji, taratibu, akisimama anaposimama yeye, akienda anapokwenda yeye, unyayo kwa unyayo, mpaka siku alipotaka kuinua mguu pale mlangoni na mguu ukakataa. Wateja wakambeba hadi kitini.

"Fundi," Aurelia alinong'ona, Kajetani alipofika, "kuna mtu kanishika kwa chini."

"Gundi hiyo, dada. Haijakauka."

"Gundi ina vidole?"

Suzana, mke wa fundi, ndiye aliyemleta Bi Subira, mganga wa Nakapanya. Mama yule alivua kandambili nje, akanusa, akazunguka lile zulia la mlangoni kwa ncha za vidole vya miguu.

"Shikamoo, mama," Kajetani alisema.

"Marahaba. Ni wewe uliyemhamisha? Yule meneja alimfuga jini huyu, akampa kona isiyokanyagwa. Wewe umemlaza njiani, mji mzima unampita usoni na viatu."

"Tulichome moto."

"Kisha akae wapi? Kwako?" Akamwonyesha kona ya nyuma. "Mrudishie kona. Kwa mikono yako, kwa magoti, na usiinuke mpaka aseme basi."

Kajetani aliangalia mlango. Aurelia akamshika shati.

"Kaka, nina watoto. Usiniache hivi. Nami sitakuacha."

Basi akapiga magoti, akakibandua kile kipande cha mlangoni kwa kisu, na kadiri alivyokivuta kwenda nyuma ndivyo kilivyozidi uzito, kama anaburuta mtu aliyelala, na harufu ya nywele ikawajaa wote vifuani, na chini ya saruji zile hatua zikamfuata, sasa si za polepole, mpaka alipokibandika konani na magoti yake juu yake, na kila kitu kikanyamaza.

Vidole vya Aurelia vikacheza. Akasimama.

"Haya, baba watoto," Suzana alisema, "inuka twende."

Kajetani hakugeuka. Uso ulikuwa ukutani, na nyuzi za zulia zilikuwa zimemfika mapajani.

"Hajasema basi," alinong'ona.

Suzana akamvuta kwapani. "Dada Aurelia, njoo nisaidie."

Aurelia alikuwa ameshaokota viatu vyake. Akatoka mbio, kwa miguu yake mwenyewe.