Mlango wa Manowari

Philister, jirani wa nyumba ya pili, ndiye aliyeuliza kwanza.

"Mama Tima, ni nani aliyenisindikiza jana? Alinifuata mpaka kwangu, na hakusema hata neno."

"Mimi naishi peke yangu, mwanangu," Bi Ummulkheir akajibu. "Labda ni kivuli chako."

"Kivuli kinanuka mafuta ya meli?"

Bi Ummulkheir hakucheka. Nyumba yake ya Mtongwe ilikuwa na mlango wa chuma, ambao marehemu mumewe aliununua kwa wavunja meli, uliotolewa kwenye manowari ya zamani. Maumivu ya magoti yalipomzidi, akashindwa kumsindikiza mgeni hata hatua mbili, na hilo lilimtia haya. Siku moja aliuegemea mlango ule akasema kwa mzaha, "Basi nisindikizie wageni wewe."

Tangu hapo kila aliyetoka alisikia nyuma yake nyayo zilizolowa maji. Mmoja mmoja wageni wakakoma kuja. Kahawa ikawa inapoa birikani. Hatimaye Tima, binti yake wa pekee, akapiga simu kutoka Bombolulu: "Mama, mtoto simleti mpaka hicho kitu kitoke." Mjukuu huyo Bi Ummulkheir alikuwa hajambeba hata mara moja.

Alasiri ya Ijumaa Tima akaja na Maalim Mahfudh. Ubani ukafuka katika chetezo mkononi mwa Maalim, akasoma, na Bi Ummulkheir akaanza kutetemeka.

"Wewe ni jini gani?" Maalim akanong'ona.

Sauti iliyotoka kinywani mwa Bi Ummulkheir ilikuwa ya kiume, nzito, kama inayopita ndani ya bomba.

"Nakaa katika chuma hiki. Wakati wa vita vya Wazungu manowari yetu ilitoka Kilindini kusindikiza meli za mizigo, tukaenda nazo na kurudi, na siku meli moja ilipopigwa kombora, watu wakatapakaa majini wakituita, nahodha akaamriwa asisimame, kwa kuwa meli nyingine zilikuwa mbele zinatutegemea, tukapita katikati yao, na mikono yao ikagonga ubavuni mwetu, ikagonga, ikagonga, mpaka ikanyamaza. Vita vikaisha, tukaachwa tuoze. Hakuna aliyetutuma tena. Huyu mama amenituma."

Tima akajikunyata ukutani. "Mama, kiage. Kiambie kazi imekwisha."

Bi Ummulkheir akafumbua macho. "Kazi imekwisha," akasema polepole. "Ahsante. Nenda."

Harufu ya mafuta ikapungua. Sakafuni nyayo za maji zikaanza kutokea, moja baada ya nyingine, zikavuka kizingiti, zikashuka uani kuelekea baharini. Tima akalia kwa furaha. "Kesho namleta, Mama. Wallahi kesho."

Bi Ummulkheir hakumsikia. Alikuwa akizitazama nyayo zile zikienda, bila mtu wa kuzisindikiza, na ulimi uliozoea kuaga wageni maisha yake yote ukatangulia:

"Karibu tena."

Chetezo kikamponyoka Maalim mkononi. Kule uani nyayo zikasimama. Kisha zikageuka, vidole vikiuelekea mlango.